Nilikuwa Jicho la Pikapu Lake, Akanishusha

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mama wa mtoto mmoja wa kike. Naishi Shanwe hapa Mpanda, mkoa wa Rukwa, na nauza asali. Nilikuwa mke wa mtu. Leo si mke wa mtu, na mkinisikia nasema Mungu ashukuriwe msidhani nimerukwa na akili... someni kwanza mpaka mwisho!

Nimesoma mikasa yenu mingi. Mmoja kanyang'anywa mume na pombe, mwingine kanyang'anywa na mdogo wake wa tumbo moja. Mimi nilinyang'anywa na pikapu. Ndiyo, pikapu! Mwanamke alikuja baadaye, tena akakuta nafasi imeshafagiliwa.

Mume wangu nitamwita Shija, ingawa si jina lake. Msifikiri namstahi. Nalificha jina kwa ajili ya mwanangu, maana yeye hakuchagua baba.

Shija ni Msukuma, ukoo wao ulihamia huku na ng'ombe wao yeye akiwa bado mdogo. Mimi ni Mkonongo wa Ugalla, binti wa mzee wa mizinga ya nyuki. Tulikutana huko huko Ugalla, yeye akiwa dereva wa wageni waliokuja kuwinda. Wakati ule alikuwa kijana mpole, anapiga magoti kumwamkia baba yangu, anakula ugali wetu bila kuchagua mboga. Tukafunga ndoa kanisani, mwaka uliofuata nikajaliwa Kabula wangu.

Wageni wale walipofunga kambi yao wakauza magari. Shija akaja anatetemeka kwa hamu. Ng'ombe wakatoka kwao, asali ya baba yangu ya msimu mzima ikatoka kwetu, na hilo dude likaingia uani.

Acheni niwaeleze hilo gari, maana nimelisikia likielezwa mpaka nikalijua kuliko sala ya Baba Yetu. Lilikuwa pikapu la Kimarekani. Ukiliegesha mbele ya duka pale Kashaulili mjini, mlango wa duka la jirani nao umezibwa. Injini ya dizeli, silinda nane. Gia tano. Linavuta kwa magurudumu yote, na tairi za nyuma ni mbili mbili kila upande. Boneti iko juu kiasi kwamba mtu mfupi akikatiza mbele, dereva haoni hata kofia yake. Ndani kuna kiyoyozi, na kiti kimoja kirefu cha kukaa watu watatu.

Na lilikuwa na tabo! Huo ni mtambo wa kuishindilia injini hewa ili ipate nguvu zaidi. Mimi sikujua wakati ule. Nilijua tu kwamba Shija hakuweza kumaliza sentensi bila kuitaja.

Alipompelekea baba gari alione, akamwambia, "Mzee, hili lina tabo."

Baba akaweka chini kikombe cha togwa. "Lina taabu? Sasa mbona umelinunua, mkwe wangu?"

"Siyo taabu, mzee. Tabo! Tabo!"

"Basi," baba akasema, "mimi masikio yangu ya kizee yanasikia taabu tu."

Tulicheka siku ile. Shija hakucheka. Tangu hapo akawa anamwita baba yangu mshamba.

Sasa tabia za hilo gari barabarani. Ukikanyaga mafuta, kwanza halitoki. Linafikiri! Unakanyaga, unasubiri... unasubiri... halafu ghafla unasikia mluzi, fyuuu, na gari zima linaruka, shingo yako inabaki nyuma. Likiwa tupu, mkia unacheza kwenye changarawe kama ng'ombe anayefukuza nzi. Likipakiwa magunia linatulia, na mlima linaupanda bila kuhema. Kwenye tope la masika lilikuwa linatoka pale ambapo malori yamelala. Hilo nakubali, sitalisingizia gari. Gari lilikuwa zuri. Mwenye gari ndiye alikuwa hovyo!

Lakini lilikuwa na jambo moja. Usukani ulikuwa kushoto, kama walivyo huko kwao Wamarekani. Hapa kwetu tunapita kushoto mwa barabara, kwa hiyo dereva wa gari la namna ile anakaa upande wa majani. Likitangulia lori mbele yake, haoni kitu isipokuwa matako ya lori. Anayeona kama kuna gari linakuja ni yule aliyekaa kiti cha kulia.

Kiti hicho kilikuwa changu.

Tulikuwa tunabeba dagaa kutoka Karema, mahindi kutoka kusini, asali kutoka kwetu. Kabula tunamkalisha katikati. Tukifika nyuma ya lori, mimi nachungulia nje dirishani, vumbi linaniingia puani, kichwa kizima chekundu. Kwa sababu gari lilichelewa kupata nguvu, nilijifunza kumwambia mapema. Nikiona njia inaanza kufunguka nasema, "Kanyaga." Yeye anakanyaga, tabo inaanza kupiga mluzi. Kabla hajatoka nyuma ya lori ananiuliza, "Safi?" Nikiona njia ni nyeupe namjibu, "Safi!" Nikiona kitu nasema, "Bado." Anaondoa mguu.

Hivyo tu. Neno moja, roho za watu watatu. Miaka yote ile hatukugusa hata mbuzi wa mtu njiani.

Mnadhani alinishukuru? Watu walimsifu, "Shija unaliweza hilo gari!" naye anatikisa funguo kidoleni na kuwatajia silinda. Alikuwa anazitaja sokoni, kanisani, hata msibani! Na tabo nayo ina masharti: ukifika safari huruhusiwi kuzima injini hapo hapo, lazima uiache ingurume kidogo ipoe. Siku moja tulifika kwenye maziko ya jirani, mchungaji ameshafumba macho aombe. Shija akaacha injini inanguruma pembeni ya kaburi. Mchungaji akafumbua macho, akangoja. Waombolezaji wakangoja. Marehemu naye akangoja! Bwana mkubwa ameegemea boneti, anatuinulia mkono kwamba tuvumilie, gari linapumua.

Gari lilipumzishwa kila likifika. Mimi nilipoharibikiwa na mimba ya pili niliambiwa dagaa wataoza Karema, niinuke. Nikainuka... nikapanda... nikachungulia dirishani huku naumwa. Wazee wa kanisa nilipowaeleza waliniambia mwanamke ni uvumilivu. Haya, asanteni wazee!

Ndipo akaja Stela.

Stela alikuwa na saluni pale Kashaulili, anatengeneza watu nywele za kalikiti, na yeye mwenyewe kalikiti yake ilikuwa inadondosha mafuta mabegani. Sikumchukia, na leo pia simchukii. Yeye alikuwa abiria tu. Abiria hapandi gari ambalo dereva hajasimama.

Asubuhi hiyo tunakwenda Sitalike. Nimeshakaa mahali pangu, Kabula kando yangu. Shija akasimamisha gari mbele ya saluni, akazunguka mpaka mlangoni kwangu, akaufungua. Nilifikiri anataka kunipa kitu!

Akaniambia, "Mama Kabula, hebu shuka ukae nyuma kwenye magunia. Huyu mgeni ana nywele, vumbi litamharibia."

Ana nywele! Na mimi kichwani nilikuwa na nini? Manyoya?

Watu wa sokoni wanatazama. Wauza nyanya, ambao kila wiki gari lile pana liliwapindulia meza, waliinamisha vichwa kwa kunionea huruma. Nilishuka. Nikapanda nyuma, nikajifunika khanga uso mzima. Kiti cha kulia, wasomaji... siku ile nilikijua kwa jina lake la pili, maana nililia mpaka Sitalike.

Kutoka pale mambo yaliteremka. Wiki iliyofuata nikaambiwa nyuma nako kumejaa mzigo, nibaki nyumbani. Kisha Stela akaanza kulala nyumbani kwangu, anaitwa "shemeji wa mbali". Kisha siku moja narudi kutoka kisimani nakuta nguo zangu zimefungwa kwenye shuka. Shija hakuthubutu hata kunitazama machoni, alikuwa anafuta kioo cha gari. Akasema nirudi kwa baba yangu Ugalla nikapumzike.

Nikamshika mkono Kabula. Hapo ndipo alipogeuka! Akasema mtoto habanduki, ng'ombe walitoka, mtoto ni wa ukoo wao. Kabula alikuwa amevaa sare mpya, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Alinililia hadi sauti ikakauka. Mimi nilikwenda nimebeba shuka, na mtoto wangu nikamwacha kwa mtu anayejua kupumzisha injini tu!

Je, nani kati yenu amewahi kuishi huku masikio yameelekea barabarani? Kule Ugalla nilimsaidia baba kurina asali, lakini kila nikisikia mngurumo nasimama. Nikituma salamu hazirudi. Nikienda mjini kumwona mwanangu shuleni, nakuta ameambiwa asiongee na mimi. Anaongea nami hivyo hivyo, kwa kunong'ona, huku anaangalia barabara. Aliniambia siku za Jumamosi baba anamchukua safarini. Nikamwuliza anakaa wapi. Akasema katikati, mahali pake pa siku zote.

Nikamwuliza, "Na anayeangalia njia ni nani?"

Kabula akafikiri. "Mama Stela anaangalia kioo," akanijibu. Kumbe alikuwa anasema kile kijioo kilichobandikwa kwenye kibao cha kuzuia jua. Nilirudi Ugalla nikiwa na homa. Sikuwa na malaria, ilikuwa homa ya woga.

Haukupita mwezi. Ilikuwa kiangazi, vumbi limefunika miti. Tunachuja asali na baba, mara tunamwona jirani yetu anakuja na baiskeli anakanyaga kama mwendawazimu. Hakusalimia. Alisema, "Pikapu..." akashindwa kuendelea. Ndoo ya asali ilimwagika miguuni pangu na sikuisikia.

Nilifika hospitali nikamkuta Kabula yupo hai. Yupo hai, wasomaji! Lakini paja limevunjika, mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe, uso wote michubuko. Kitanda cha pili amelala Stela, bega limevunjika, meno ya mbele hayapo. Nikamwuliza mwanangu, baba yuko wapi? Hajui. Nikawauliza wauguzi. Hawajamwona. Wasamaria waliowaleta walikuwa watu wa lile lori lililokuwa mbele yao. Wakanieleza kwamba pikapu lilichomoka nyuma yao kwa kishindo likakutana uso kwa uso na trekta lenye tela la mahindi, likakwepa, likaingia korongoni na kugonga mti. Dereva alitoka mwenyewe, mzima, akapotelea porini. Aliogopa kupigwa na watu!

Kesho yake mchana ndipo alipokuja wodini, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni. Nilidhani ameumia, kumbe anatoka kazini. Alikuwa amempeleka fundi kule korongoni.

Mnajua alichoniambia? Mtoto ananing'inia kwa kamba pale, ananiambia, "Bahati nzuri nimewahi kuifungua tabo. Wangeiiba!"

Kuna watu ukiwajibu unajishushia heshima. Nilichukua kitambaa nikaendelea kumfuta mwanangu jasho. Stela kule kitandani alisikia pia. Akageuza uso ukutani, na alipopata nafuu alipanda treni moja kwa moja, hajaonekana Mpanda tena. Yeye angalau alielewa haraka.

Kabula alikaa hospitali muda mrefu. Mguu ulipona, lakini umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Mimi ndiye niliyemlisha, niliyemgeuza, niliyemfundisha upya kutembea kwa kushikilia ukuta. Na alipoanza kutembea tu... Shija akajitokeza kumdai! Akaitisha kikao cha ukoo nyumbani kwa mama yake, akitaka mtoto arudishwe na mimi nihukumiwe.

Nihukumiwe kwa lipi? Uchawi! Alisimama mbele ya wazee bila haya akasema ajali ile ilikuwa mkono wa mtu. Kwamba Wakonongo na misitu yao wanajulikana. Kwamba baba yangu alilitazama gari kwa jicho baya tangu siku ya kwanza. Kwamba gari lenye silinda nane na tabo haliwezi kushindwa kulipita lori la kawaida bila dawa! Nyie mnaoishi huku mnajua neno hilo likishikwa linaishia wapi. Baba yangu alikuwa amekaa pale, mzee wa watu, mikono ameiweka magotini. Nilihofia nitamkosa mtoto, na nitamkosa baba siku hiyo hiyo.

Mama mkwe wangu ni mjane, na zizi lote lilikuwa mikononi mwake. Hasemi sana. Alimsikiliza mwanawe mpaka akaishiwa maneno, kisha akasema aitwe mtoto, kwa kuwa mtoto alikuwemo kwenye gari.

Kabula akaja anachechemea. Bibi yake akampakata. "Haya ng'wanone, mwanangu, tuambie. Baba alikuwa anafanyaje?"

Kabula akasema, "Lori lilikuwa mbele. Baba akakanyaga, gari likapiga mluzi. Halafu baba akamwuliza Mama Stela, 'Safi?'"

"Mama Stela akasemaje?"

"Alikuwa anajipaka lipstiki. Akasema, 'Safi.' Halafu akamwuliza baba, 'Imekaa?'"

Mjomba mmoja akaanza kukohoa, na nilijua kwamba hakohoi. Kumbe ndivyo ilivyokuwa! Mmoja anauliza njia, mwingine anajibu midomo. Hakuna aliyemfundisha yule mwanamke kwamba kiti kile kina kazi. Kwa Shija kilikuwa kiti cha kuonyesha watu. Na kwa ajili ya kiti hicho alitaka baba yangu achomewe nyumba!

Shija akaanza kupiga kelele kwamba mtoto amefundishwa. Mama yake akainua mkono.

"Shija. Gali lilipogonga, wewe ulifanyaje?"

Akajibu haraka, kwa majivuno hata pale, "Nilizima injini, mama. Nikachomoa funguo nikatoka. Ningeiacha, gari lingeshika moto."

"Funguo inakaa wapi?"

"Hapa, kulia kwa usukani."

"Na mtoto alikuwa wapi?"

Shija akautazama mlango.

"Alikuwa katikati," mama mkwe akasema. "Mkono wako ulifika hapo mtoto alipo, ukachukua funguo."

Ndugu wasomaji, nimewahi kuona watu wakipigwa, lakini sijawahi kuona mtu akipigwa namna ile bila kuguswa. Hakuna silinda iliyomsaidia.

Mama mkwe akaendelea, tena kwa upole, kwamba ng'ombe wa mahari walitoka kwenye zizi lake, kwa hiyo mwenye kudai ni yeye, na yeye hadai. Mtoto aende na mama yake. Kisha akamwinamia baba yangu kichwa na kumwomba radhi kwa neno la uchawi lililotamkwa nyumbani kwake. Baba alilia. Mimi pia nililia... na Shija alitoka uani peke yake, hakuna aliyemfuata.

Siku hizi nasikia anaendesha magari ya watu. Mabaki ya pikapu yalikatwa vipande vipande, yametengenezwa majembe na majiko. Miezi michache iliyopita alipita hapa Shanwe, akasimama mlangoni, amekonda, akasema amekuja kumsalimia mwanawe. Sikumzuia. Nikamwita Kabula aje aamkie mgeni.

Kabula alikuja na mguu wake, akainamisha kichwa kwa adabu niliyomfundisha, akasema, "Shikamoo, dereva."

Nilifikiri atashtuka. Nilifikiri atalia, atapiga magoti, ataomba msamaha. Wapi! Yule mtu akatabasamu, akaitikia, "Marahaba."

Dada zangu mnaonisoma, hasa mnaochumbiwa sasa na vijana wenye magari, sina mafumbo. Akija na gari lake msiulize lina nguvu gani, atawaambia mwenyewe mpaka mchoke. Ngojeni lisimame. Tazameni anamfungulia nani mlango, na anamshusha nani. Mkiona mtu ameshushwa ili nyie mpande, msipande. Tembeeni kwa miguu, mtafika mkiwa na watoto wenu.